Handaki la Chetambe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapasha mabati ya mtaa wa Tuwan, Nekesa alipiga pasi blauzi zake za wiki. Aliitia pasi makaa yaliyobaki jikoni baada ya chai, akaitikisa mlangoni majivu yatoke, akalijaribu joto lake kwa kidole kilicholoweshwa mate. Hata sasa, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti na akiwa hana darasa la kufundisha, mkono ulikuwa umezoea. Blauzi ya kwanza ilikwisha. Alikuwa kwenye mkono wa ya pili simu ilipolia.

Ilikuwa namba ya mama mdogo Wilkista, lakini sauti ilikuwa ya mama yake mzazi, Phelista.

"Nekesa, niko huku Chetambe kwa Wilkista. Nilikuja kumsaidia kuvuna mahindi, sasa goti limekataa. Kuteremka mpaka lami siwezi, na huku hakuna gari inapanda. Wewe si mmefunga shule? Tafuta mtu ako na pikipiki uje unitoe."

"Leo, mama?"

"Kwani nimesema mwaka ujao? Kesho ni kanisa."

Salio likaisha, simu ikakatika. Nekesa alibaki ameishika sikioni, akitazama ukuta, mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ilipomrudisha. Pasi ilikuwa imeacha alama ya rangi ya chai kwenye mkono wa blauzi. Kabla hajaikunja aifiche, honi ililia mara mbili nje ya lango la ploti, na honi ile aliijua.

Ngari alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, kofia ngumu ya pili ikining'inia kwenye usukani. Alikuwa daktari wa ng'ombe. Ndivyo wakulima wa Trans-Nzoia walivyomwita, ingawa yeye mwenyewe alisema yeye ni wa diploma tu, wenye udaktari wako chuoni Kabete. Alikuja kutibu ng'ombe wa shule wakati Nekesa alipokuwa kwenye zamu, na tangu siku hiyo ng'ombe wa shule walipata matibabu mengi kuliko ng'ombe wote wa wilaya. Leo walikuwa wamepanga kwenda Chetambe. Nekesa alimwahidi zamani kwamba atampeleka kwenye kile kilima juu ya Webuye ambako watu wake walijichimbia ngome mwaka wa 1895 na kupigana na askari wa Waingereza.

"Sasa, mwalimu. Mbona uso hivyo?"

"Tusiende Chetambe," alisema Nekesa. "Twende Saiwa. Kuna swala wanaoishi kwenye kinamasi."

"Swala nimeona. Nimevaa viatu vya kupanda mlima."

"Mama yuko Chetambe. Goti limemkataa, anataka nimtoe."

Ngari alivua kofia yake, akaiweka juu ya tangi la mafuta. Hakucheka.

"Hiyo si ndiyo vizuri?"

Nekesa alitazama kidole chake cha gumba cha mguu. Mwezi wa nne Ngari alikuwa amemwuliza kama atakubali kuolewa naye, na yeye akatikisa kichwa kukubali, lakini kinywani halikutoka neno. Tangu hapo miezi ilikuwa ikipita na mama yake hajui kuna mtu anayeitwa Ngari duniani.

"Nisikize," alisema Ngari. "Baba amepata shamba Nyahururu. Anahama mwisho wa mwezi huu, na lori ameshaitisha. Nimemwambia mimi nabaki. Akaniuliza, unabakia nani? Mimi mtu mzima, Nekesa, nikanyamaza kama mtoto amevunja kikombe. Sitaki kunyamaza tena. Leo mwambie mama yako. Ukishindwa sitakulaumu na sitakuuliza tena, lakini vitu vyangu nitapakia kwa hilo lori."

"Nitamwambia," alisema Nekesa, kwa sauti ambayo hata kuku wa jirani hakugeuka.

Wakaondoka. Barabara ya Kiminini siku hiyo ilikuwa imeoshwa na mvua ya usiku. Mahindi yalisimama pande zote mbili, mabichi bado, yamezaa mbelewele nyekundu, na kati yake mashamba ya alizeti yalielekeza nyuso zote upande mmoja kama darasa linalosikiliza. Mlima Elgon ulikaa kulia kwao, mpana, wa buluu, umejifunika wingu la asubuhi begani. Siku nyingine Nekesa angeegemeza shavu kwenye mgongo wa Ngari na kuyatazama hayo yote. Leo alishika chuma cha nyuma cha kiti, akafikiri juu ya jambo ambalo hakuwahi kumwambia.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akajitosa hata katika shamba la watu mpaka mwenzake apite. Si uadui, ni heshima, tena nzito kuliko zote. Phelista alikuwa mama wa kanisa, aliongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi, na wokovu wake haukuwa umeigusa mila hiyo hata kwa ncha. Mume wa Pauline, dada yake Nekesa, alijikwaa mlangoni siku moja akamwegemea Phelista begani. Mbuzi alichinjwa, wazee wakaitwa, na mpaka leo Phelista alikisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ajali.

Ngari hakujua lolote kati ya hayo. Angejulia wapi? Yeye hakuwa Mbukusu, na kwao mkwe hupokewa kwa mikono miwili. Na Nekesa angemwambia vipi? Kumfundisha mwanamume namna ya kumkwepa mama yako ni kumwambia kwa mdomo kwamba umekubali kuolewa, na neno hilo lilikuwa limekwama mahali fulani kati ya kifua na koo.

Kabla ya Kamukuywa polisi walikuwa wameweka vizuizi vyao vya misumari. Tangu machafuko ya kikabila ya mwaka uliotangulia, baada ya uchaguzi, na yale ya Mlima Elgon, vizuizi vilikuwa vimezoea kukaa barabarani kama mawe. Askari mmoja mnene aliichukua leseni ya Ngari, akaisoma, akaisoma tena.

"Ngari. Wa wapi?"

"Kiminini, afande."

"Kiminini ni ya leo. Nauliza wa wapi." Hakungoja jibu, akamgeukia Nekesa. "Na wewe, mama?"

"Nekesa."

"Aha. Nekesa na Ngari." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Huyu ni nani yako?"

Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi kando ya kizuizi waliacha kupanga ndizi. Nekesa aliyahisi macho yao shingoni.

"Amenibeba tu," alisema.

Askari alirudisha leseni. Ngari aliiweka mfukoni polepole, akafunga kifungo cha mfuko, akawasha pikipiki. Walipita Misikhu, miwa ikawa mingi kuliko mahindi, mteremko ukaanza, upepo ukawa wa joto. Mgongo wa Ngari ulikuwa umekakamaa kama ubao. Baada ya Lugulu, walipoiacha lami na kuingia njia nyekundu ya kupanda kilima, mwendo ukapungua na Nekesa akapata nafasi ya kusikika.

"Ngari, tukifika, kwa mama, usije uka..."

"Usijali. Kusalimia wazazi najua."

"Si hivyo, ni kwamba..."

"Nekesa, njia ni mbaya. Niache niendeshe."

Akamwacha aendeshe.

Boma la Wilkista lilikuwa karibu na ukingo wa kilima, nyumba ya mabati, ghala la mahindi lililosukwa kwa fito, na nyuma yake shamba lililovunwa nusu. Phelista aliketi kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyosha mbele kama gogo, akipukuchua mahindi kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka, na alipoiona pikipiki alicheka kweli.

Ngari alishuka, akavua kofia, akaenda moja kwa moja. Nekesa alikuwa bado anahangaika na kamba ya kofia yake kidevuni.

"Mulembe, mama," alisema Ngari, akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mulembe muno." Phelista aliipokea mikono hiyo yote miwili, akaikamata, akaitikisa kwa furaha. "Wilkista, njoo usikie. Ameniamkua Kibukusu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Naitwa Ngari, mama."

"Ngari." Alilitafuna jina kidogo, bila kuuachilia mkono. Kisha akamtazama binti yake. "Huyu ni nani, Nekesa?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Nekesa aliona mkono wa Ngari ndani ya mkono wa mama yake, ngozi kwa ngozi, na ulimi ukawa kipande cha mbao. Akisema sasa, mama yake atakuwa amemshika mkwe mkono mbele ya dada yake. Asiposema, basi tena.

"Anatibu ng'ombe wa shule," alisema. "Amekubali kunisindikiza."

Ngari aliinua macho, akamtazama kwa muda mfupi, kisha akayarudisha kwa Phelista. "Ndiyo, mama. Natibu ng'ombe."

Wilkista alitokea na viazi vitamu na maziwa ya mgando ya mursiki yaliyotoka kwa jirani yake wa Kisabaot, akamwekea mgeni kigoda. Alikuwa mwembamba, mkavu, wa maneno machache, kinyume kabisa cha dada yake. Phelista alimenya kiazi kwa mikono yake mwenyewe, akampa Ngari. Ngari akala. Phelista akala naye, kutoka sahani ileile. Kila tonge lilipoingia kinywani mwa Ngari, Nekesa alihisi mbuzi mwingine anafungwa kamba.

"Wewe huli?" Wilkista alimwuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo?"

Walipomaliza, Ngari alisema alikuwa amekuja pia kuliona handaki, lakini kama mama ana haraka basi halina shida, siku nyingine. Alisema "siku nyingine" kama mtu anayejua haitakuwapo.

"Mgeni haondoki Chetambe bila kuona handaki," alisema Phelista. "Nitawaonyesha mimi. Bibi yangu alizaliwa na mwanamke aliyekuwa ndani yake. Nipe mkono."

"Mama, nishike mimi," Nekesa alisema haraka, akasimama.

"Wewe ni bua la mtama. Tutaanguka sote. Daktari, lete mkono."

Basi wakaenda hivyo, Phelista ameukumbatia mkono wa Ngari kwa kwapa lake, wakipita kwenye mabua yaliyokatwa. Nekesa aliwafuata nyuma, mikono ameikunja, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Chini yao kushoto bonde lilifunguka: Mto Nzoia, mashamba ya miwa, paa za Webuye, na bomba refu la kiwanda cha karatasi ambalo mwaka huo halikutoa moshi. Mbele yao palikuwa na ukuta wa udongo usiofika kiuno, umevaa majani na vichaka vya lantana, na nje ya ukuta mfereji mpana uliozunguka kilima ukapotea kwenye migomba. Mtu asiyeambiwa angedhani ni mfereji wa kuzuia mmomonyoko. Pande zote mbili watu walikuwa wamelima muhogo na mahindi. Handaki lenyewe hakuna jembe lililoligusa.

"Lilikuwa na kina cha kumfunika mtu amesimama," alisema Phelista. "Mvua imelijaza. Watu waliingia humu na watoto na ng'ombe, wakafunga mlango. Walidhani vita ni kama vile vya zamani, mkuki kwa mkuki. Wale wakasimama mbali, pale kwenye ile miti, na bunduki ya kumwaga risasi kama mtama. Huyo mama alikuwa na mtoto mchanga. Alilala chini hapa mahali fulani, akamziba mtoto mdomo kwa ziwa, siku nzima. Akimtoa mtoto analia, akimkaza anakosa pumzi. Alikaa hivyo mpaka jioni, hajui kama ananyonyesha au anaua."

"Mtoto alipona?" aliuliza Ngari.

"Si ndiye aliyemzaa mama yangu." Phelista alipumzisha mguu. "Unajua kilichotuuma si mzungu. Mzungu alikuwa hajui hata njia ya kupanda hapa. Alikuja na watu waliokuwa majirani. Wao ndio walimwonyesha."

Upepo ulipita kwenye lantana. Ngari alikuwa akitazama ile miti.

"Hata kwetu walionyeshwa," alisema.

"Kwenu wapi?"

"Kiminini. Mwaka jana, mwezi wa kwanza. Vijana waliokuja walikuwa wageni, hawakujua boma ni lipi na ghala ni lipi. Mtu akaja mbele yao, akanyoosha kidole. Tulikuwa tunasali na yeye kanisa moja. Mahindi yaliungua siku tatu. Baba alinunua lile shamba mwaka wa sitini na tano, alitoka Nyeri na jembe na blanketi, na mimi sijui kwingine. Lakini tangu siku hiyo hawezi kulala. Ndiyo maana anahama."

Kwa miezi yote hiyo Nekesa aliogopa siku ambayo neno Nyeri, nchi ya kabila la Ngari, lingetajwa mbele ya mama yake, na sasa lilikuwa limetajwa, na Phelista alikuwa bado ameushika mkono wa aliyelitaja.

"Huyo aliyenyoosha kidole," alisema Phelista polepole. "Alikuwa Mbukusu?"

"Alikuwa jirani, mama," alisema Ngari.

Phelista alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaupigapiga mkono wake, mara kadhaa, kama mtu anayembembeleza mtoto wake mwenyewe.

"Una adabu," alisema. "Mama yako alikulea." Akageuza kichwa kumtafuta Nekesa, akarudi kwa Ngari, na sauti yake ikawa ya siri, ile siri ya akina mama inayosikika mpaka ng'ambo ya mto. "Hebu nisaidie. Wewe ni rafiki yake, atakusikia. Kuna mwalimu mmoja wa Kibabii, Wekoye, kijana wa watu wazuri. Amemwulizia mara mbili. Nikimwambia huyu msichana, ananitazama hivi, kama ng'ombe anaangalia gari. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mdomo alipewa wa kufundishia tu. Mwambie wewe."

Nekesa alifungua mdomo. Macho ya Ngari yalikuwa juu yake, yametulia, yanangoja. Na alijua kwamba huko kungoja ndiko kulikobaki, na kwamba kulikuwa kunaisha. Neno lilipanda mpaka kwenye meno. Kisha aliuona mkono wa mama yake ukiwa umebanwa kwenye mbavu za Ngari, akafikiria aibu yake mbele ya Wilkista, na neno likarudi chini.

"Nitamwambia, mama," alisema Ngari. Aliyageuza macho yake kwenye bonde. "Lakini sidhani atanisikia."

Walirudi bomani. Wingu lililokuwa begani mwa Elgon asubuhi lilikuwa limesogea likawa jeusi, na ngurumo ilivingirika mahali fulani upande wa Kimilili. Mvua ikinyesha, njia ile nyekundu ingekuwa sabuni, na hakuna ambaye angeteremka mpaka kesho yake. Wilkista alikuwa ameshafunga kiroba cha mahindi ya dada yake.

"Nitamshusha mama kwanza mpaka lami," alisema Ngari, akimwambia Wilkista, si Nekesa. "Apate gari ya kurudi kwake Misikhu. Mwalimu anaweza kuteremka kwa miguu, si mbali. Nikimfikisha mama mimi nitaendelea. Nina safari."

"Safari ya wapi na mvua hii?" aliuliza Wilkista.

"Nyumbani. Kuna vitu vya kufunga."

Alisema hivyo bila hasira, na ubaridi huo ulimwingia Nekesa kuliko hasira yoyote. Ngari alipanda pikipiki, akaiwasha, akaishikilia kwa miguu yote miwili. Phelista alikunja leso yake kiunoni, akapandisha sketi mpaka magotini, akachechemea mpaka ubavuni mwa pikipiki huku akicheka.

"Mimi na umri huu. Wakiniona kanisani watanifukuza."

"Mkumbatie kiunoni, dada," alisema Wilkista. "Njia ina mashimo. Mshike vizuri, ukimlegeza utabaki mtaroni."

"Mama," alisema Nekesa. "Usipande. Breki hazishiki vizuri."

Ngari aliminya breki ya mbele, akaiachia, akaiminya tena. "Breki ziko sawa, mama," alisema, na hakugeuka.

"Msichana, nitoke njiani, mvua inakuja." Phelista aliweka mkono mmoja begani mwa Ngari. Akauweka na wa pili. Akainua mguu mzima kuutafutia mahali pa kukanyagia, na kifua chake kikauegemea mgongo wa Ngari.

"Mama, usimguse. Ni mkwe."

Nekesa mwenyewe hakuitambua sauti ile. Ilikuwa ya darasani, ya kuwanyamazisha wanafunzi wa nyuma. Mguu wa Phelista ulibaki hewani. Injini iliendelea kunguruma peke yake mpaka Ngari alipoizima.

"Wele wange, Mungu wangu," alisema Wilkista.

Phelista aliiondoa mikono yake begani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeiondoa kwenye sufuria ya moto. Alishusha mguu. Alifungua leso kiunoni, akajifunika kichwa mpaka kwenye nyusi, na bila kumtazama Ngari hata kwa pembe ya jicho akamgeuzia mgongo, akaondoka akichechemea, akazunguka ghala na kupotea nyuma yake.

Ngari alibaki juu ya pikipiki.

"Amenikimbia," alisema. "Saa ile nilikuwa mtu wa ng'ombe tulikula sahani moja. Sawa. Nimeona." Akaushika ufunguo.

Wilkista alikuja akasimama mbele ya gurudumu la mbele, mikono kiunoni.

"Kijana, acha huo ufunguo. Ungekuwa si kitu angebaki hapa akutukane usoni. Sisi mkwe hatumwangalii. Ukiona mgongo wa mama, hiyo ni heshima yako anakupa. Huyu hakukuambia?"

Ngari alimtazama Nekesa. Nekesa alitikisa kichwa, hapana, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa.

Sauti ilitoka nyuma ya ghala, imezibwa kidogo na leso.

"Wilkista."

"Naam."

"Nilimshika mkono?"

"Ulimshika."

"Na begani?"

"Begani, na kwapani njia yote ya kwenda handaki na kurudi. Na kiazi ulimmenyea."

"Huyu msichana ataniua," ilisema sauti. "Aninyamazie mpaka nimkalie mkwe mgongoni kama mtoto." Matone ya kwanza, mazito, yaliangukia mabati moja moja. "Nekesa."

"Naam, mama."

"Nimekaa nikimsikiliza huyo mtu kule kwenye handaki. Kwao nimepasikia na baba yake nimemsikia. Wewe sijakusikia. Mkwe si neno la kumtupia mtu kama jiwe halafu unyamaze. Huku nyuma sioni ukitikisa kichwa. Sema unachotaka, na useme na yeye akiwa hapo."

Nekesa alijifuta uso kwa mkono wa blauzi. Alimtazama Ngari aliyekuwa bado ameshika ufunguo, akalitazama ghala, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Namtaka Ngari, mama," alisema, na hakuishusha sauti. "Aliniuliza mwezi wa nne na mimi sikumjibu kwa mdomo. Nataka kuolewa na yeye. Huyo wa Kibabii simtaki. Na sitaki Ngari aende Nyahururu, nataka akae hapa na mimi."